Kingamwili na Mbu wa Mbugani

 

Mfugaji yeyote wa Simiyu aliyewahi kuona mwaka wa mvua kubwa anaijua habari hii, au ameisikia kwa baba yake. Mbuga zimejaa maji, mbu wanauma hadi mchana, na ghafla mifugo inaanza kutupa mimba. Boma hili, boma lile, na kondoo ndio zaidi. Wana-kondoo waliozaliwa juzi wanalala jioni, asubuhi hawaamki. Halafu katikati ya maboma hayohayo lipo boma moja ambalo mimba zimekaa na ndama wanarukaruka kama hakuna lililotokea. Hapo ndipo maneno huanza. Fulani ana dawa yake. Fulani alionekana njia ya Gamboshi usiku. (Watu wa Gamboshi mnisamehe, jina hilo la uchawi mmeshapewa na nchi nzima.)

Leo naomba tuiangalie damu ya hao ng'ombe waliosalimika. Mara nyingi jibu limo humo, na linapimika maabara.

Mimba hutupwa kwa sababu nyingi, na bwana mifugo wako atakutajia kadhaa bila kupumua. Lakini zikitupwa kwa mkupuo baada ya mafuriko, na vitoto vya mifugo vikafa kwa wingi wakati huohuo, daktari wa mifugo huwaza kwanza Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1931 na madaktari wa mifugo wa Kabete, nchini Kenya, waliokuwa wameitwa mwaka uliotangulia kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Kondoo walikuwa wanakufa kwa maelfu, maini yameharibika. Waliofanya uchunguzi nao waliugua, na hapo ikajulikana kwamba kirusi cha ugonjwa huu hakibagui kati ya mnyama na mchungaji wake.

Kinavyojificha kati ya mlipuko na mlipuko ni jambo la kushangaza. Wapo mbu wa jamii ya Aedes wanaotaga kwenye udongo wa mabonde yale yanayofurika kwa msimu. Watafiti waliofanya kazi Kenya miaka ya 1980 walikusanya viluwiluwi vya mbu hao, wakavikuza hadi vikawa mbu kamili ambao hawajawahi kumng'ata mnyama yeyote, na wakawakuta tayari wana kirusi. Maana yake mama alikipitisha kwenye mayai. Na mayai hayo huvumilia ukame miaka kadhaa, yakingoja maji yatuame. Udongo wetu mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye ndala mpaka unaamua kutembea peku, unatuamisha maji vizuri mno.

Ndiyo maana milipuko mikubwa imefuatana na mvua za El Niño: 1997 hadi 1998, kisha 2006 hadi 2007. Huu wa pili nchini kwetu ulianzia Ngorongoro, ng'ambo tu ya Pori la Maswa. Simiyu kama mkoa haikuwapo. Imezaliwa mwaka 2012, na wakati wa mlipuko ule Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Kati ya Januari na Juni 2007, mikoa 10 kati ya 21 ya wakati huo iliripoti jumla ya watu 511 waliodhaniwa kuwa na ugonjwa, na 144 kati yao walifariki. Minada ilifungwa. Mijini watu wakaikimbia nyama ya ng'ombe wakahamia kuku na samaki, na mfugaji ambaye ng'ombe wake hawakuugua hata mmoja naye akakosa pesa ya ada.

Sasa tuingie kwenye damu.

Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa ni kidogo kiasi kwamba ukipanga elfu kumi kwenye mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa milimita moja. Juu ya ganda lake zimesimama protini mbili mbili, jozi 720, wataalamu wanaziita Gn na Gc. Gn ipo juu, Gc imejibanza chini yake. Mbu anapomng'ata ndama, anatema mate yenye virusi, navyo vinasafiri na damu hadi viikute seli yenye protini ya kushikamana nayo. Mwaka 2021 protini mojawapo muhimu ilitambuliwa, inaitwa LRP1, na imejaa hasa kwenye ini. Ng'ombe anayo, mbuzi anayo, wewe unayo, na haitofautiani sana kati yetu. Pale Kabete wasingeweza kulijua hilo, lakini linasaidia kueleza kwa nini waliugua pamoja na kondoo wao.

Kirusi kikishashikamana, seli yenyewe inakimeza ndani ya kifuko kidogo. Kifuko kinaanza kuwa na tindikali. Tindikali hiyo ndiyo ishara: Gn inasogea pembeni, Gc inafyatuka na kujichomeka kwenye ukuta wa kifuko, ukuta wa kirusi na ukuta wa kifuko vinaungana, na vinasaba vya kirusi vinamwagika ndani ya seli. Kuanzia hapo seli si mali ya ng'ombe tena. Inafanya kazi ya kirusi.

Kingamwili hucheza hapo kabla. Nayo ni protini, ndogo kuliko kirusi mara nyingi, ina umbo la herufi Y. Ncha za mikono yake miwili zimetengenezwa kukaa juu ya sehemu fulani ya kirusi na si nyingine. Zile zinazofanya kazi vizuri dhidi ya kirusi hiki nyingi hukaa juu ya Gn. Zikikaa upande mmoja, kirusi hakiwezi kushikamana na seli. Zikikaa upande mwingine, kitashikamana na kumezwa, lakini tindikali ikija Gn haisogei, Gc haifyatuki, na kirusi kinaishia kuyeyushwa humohumo kifukoni. Mkono mmoja ukikamata kirusi hiki na wa pili kile, virusi vinagandana kuwa fungu, na seli za usafi za mwili zinalimeza fungu lote.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana watu wengi, hata wasomi, hudhani kingamwili inaua. Kirusi kilichokamatwa kinaweza kubaki kizima kabisa. Ni fahali uliyemvalisha magunia kwenye pembe: uzito ni uleule, hasira ni ileile, lakini hatoboi.

Na kuna mpaka mmoja ambao kingamwili hizi karibu hazivuki. Kirusi kikishamwaga vinasaba ndani ya seli, zenyewe zinabaki nje. Kazi ya kuziharibu seli zilizokwisha kutekwa ni ya askari wengine wa mwili, na ni kazi inayomuumiza mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kwenye ugonjwa huu kila kitu ni suala la nani ametangulia. Mnyama ambaye hajawahi kukutana na kirusi anahitaji siku kadhaa, karibu wiki, kuzipata kingamwili za kutosha. Ndani ya mwili wake kuna seli nyingi mno, kila moja na umbo lake la kingamwili. Ile ambayo umbo lake linaoana na kirusi lazima kwanza iamshwe, izaliane, watoto wake wawe viwanda. Kiwanda kimoja kikishaamka kinatoa kingamwili maelfu kwa sekunde. Lakini mwana-kondoo wa siku tatu anaweza kuugua na kufa ndani ya siku mbili. Viwanda havijafunguliwa na mwenye viwanda ameshazikwa.

Ndipo tunafika kwenye dang'a.

Kwa binadamu, mama humpitishia mtoto kingamwili kupitia kondo la nyuma kabla hajazaliwa. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana njia hiyo, kondo lao la nyuma haliziruhusu kupita. Ndama anazaliwa mikono mitupu kabisa, na kinga yote ya mama imewekwa kwenye maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, ndiyo dang'a. Tena si kwa muda mrefu. Utumbo wa ndama mchanga unaruhusu kingamwili kupita nzimanzima hadi kwenye damu kwa takriban siku moja, na saa sita za kwanza ndizo bora kuliko zote. Baada ya hapo utumbo unaanza kuzimeng'enya kama chakula kingine chochote.

Kwa hiyo tazama kinachotokea zizini. Ng'ombe amezaa alfajiri. Ndama bado ana ute puani, anajaribu kusimama, miguu ya nyuma inamgomea, anaanguka, anajaribu tena. Mtoto wa nyumba anaitwa kuswaga wengine kwenda malishoni, na yule mzazi anaswagwa nao kwa sababu ndiye kiongozi wa kundi. Ndama anafungiwa bandani. Jioni mama anarudi, ndama ananyonya kwa pupa, kila mtu anafurahi. Tumbo limejaa, ila saa zile bora zimepita. Na wapo wanaokamua dang'a yote kwanza kwa sababu ikichemshwa inaganda vizuri na ni tamu. Tamu ni kweli. Lakini mwenye haki na kinywaji kile amelala bandani na hajui kudai.

Dang'a humpa ndama kile tu mama alicho nacho. Ng'ombe ambaye hajawahi kuugua homa hii wala kuchanjwa atatoa dang'a nzuri kwa mambo mengine, lakini haina kitu cha kumzuia kirusi hiki. Sasa rudini kwenye lile boma lililosalimika. Huenda ng'ombe wa pale ni wakongwe waliopitia mlipuko uliotangulia, na kingamwili za homa hii hudumu miaka mingi. Huenda walichanjwa. Jirani alikuwa ameuza wazee wote akanunua mitamba wapya mnadani. Mitamba mizuri kwa macho, lakini damu yao haijui kitu. Toka 1998 hadi 2006 ni karibu miaka tisa; katika miaka hiyo hesabu mwenyewe ni ng'ombe wangapi waliokuwa na kinga walichinjwa, wakauzwa, wakatolewa mahari. Mvua ikija, inakuta kundi jipya. Kwa maoni yangu tunailaumu El Niño kupita kiasi na kulisahau soko la ng'ombe.

Kuhusu chanjo. Iliyotumika muda mrefu kuliko zote Afrika inaitwa Smithburn, kwa jina la Mmarekani Kenneth Smithburn aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa homa ya manjano pale Entebbe, Uganda, ambayo leo ndiyo Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Kirusi chake kilitoka kwa mbu walionaswa katika msitu wa Semliki mwaka 1944, kikapitishwa kwenye ubongo wa panya mara nyingi mpaka kikapungua ukali. Dozi moja inatoa kinga ya muda mrefu. Ubaya wake, mnyama mwenye mimba anaweza kuitupa kwa chanjo hiyohiyo. Fikiria sasa unampelekea mfugaji wa Meatu chanjo hiyo wakati mimba zimeshaanza kutupwa! Hatakuelewa, na mimi simlaumu. Na ukichanja ukiwa katikati ya mlipuko kwa sindano moja kutoka ng'ombe hadi ng'ombe, unaweza kuwa wewe ndiye mbu. Chanjo inatakiwa iingie wakati mbuga ni kavu na hakuna anayeuona ugonjwa, na hapo ndipo shida ya bajeti ilipo, kwa halmashauri na kwa mfugaji vilevile. Ni vigumu kumshawishi mtu anunue chanjo ya ugonjwa ambao mara ya mwisho aliuona mwanawe akiwa tumboni.

Smithburn huyohuyo alitumia kingamwili kwa kazi nyingine ninayoipenda sana. Zamani hizo hapakuwa na mashine za kusoma vinasaba. Walichofanya ni kuchukua maji ya damu ya mtu, kuyachanganya na kirusi kinachojulikana, na kumdunga panya mchanganyiko ule. Panya akifa, damu haina kinga. Panya akiishi, mwenye damu amewahi kukutana na kirusi hicho, ajue asijue. Mwaka 1952 alichapisha matokeo ya damu za wakazi wa Afrika Mashariki, na zilionekana kingamwili za virusi ambavyo ndiyo kwanza vilikuwa vimepewa majina, Zika kikiwa kimojawapo. Watu walikuwa wameugua, wamepona, wameendelea na kilimo, na wakakiita kile kitu "homa".

Nasi bado tunaiita homa. Katika hospitali mbili za Moshi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wagonjwa waliolazwa kwa homa walifuatiliwa kwa vipimo vya uhakika. Waganga walikuwa wameandika malaria kwa zaidi ya wagonjwa 60 katika kila 100. Malaria iliyokuwa kisababishi kweli ilikuwa chini ya wawili katika kila 100. Chikungunya, homa nyingine ya mbu ambayo hakuna aliyekuwa akiiandika, ilipatikana kwa karibu wanane katika kila 100 ya waliopimwa. Simiyu si Moshi. Malaria huku tunayo ya kutosha, asinielewe mtu vibaya akaacha kwenda kupima. Lakini kipimo cha haraka kikisema huna malaria, na viungo vinauma mpaka kushika jembe ni taabu, usilazimishe upewe dawa ya mseto.

Chikungunya yenyewe ni mzaliwa wa nchi hii kwa maana ya kutambuliwa. Ilielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, kusini huko. Mwaka 2004 ilipiga Lamu, na wapimaji walipokwenda kuchukua damu baadaye walikuta kingamwili kwa karibu robo tatu ya wakazi. Ina ndugu yake, o'nyong'nyong, iliyoibuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikazunguka Ziwa Victoria, ikaingia Kenya na kwetu Tanganyika, na kuwapata watu zaidi ya milioni mbili. Hii husambazwa na Anofelesi, mbu yuleyule wa malaria. Undugu wa virusi hivi viwili una kasoro ya ajabu: kingamwili za aliyeugua chikungunya hukizuia vizuri kirusi cha o'nyong'nyong, lakini za aliyeugua o'nyong'nyong huzuia chikungunya kwa udhaifu.

Kuna mahali pengine ambapo kingamwili humgeuka mwenyewe. Denge, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ina aina nne. Ukiugua aina moja, kingamwili zako zinaweza kukikamata kirusi cha aina nyingine nusunusu, bila kukizuia. Kisha mkia wa ile Y unashikwa na seli nyeupe zinazomeza taka, na kirusi kinaingizwa ndani ya seli ileile kinayoitaka, kwa msaada wa ulinzi. Ufilipino walianza mwaka 2016 kuchanja watoto wa shule, wakafika zaidi ya laki nane, na mwishoni mwa 2017 mpango ukasimamishwa ilipoonekana kwamba mtoto ambaye hajawahi kuugua denge anaweza, baada ya chanjo ile, kuugua vibaya zaidi. Homa ya Bonde la Ufa haina utata wa aina hiyo. Kirusi chake ni cha aina moja kwa upande wa kinga, na aliyeipata kinga anakingika dhidi ya virusi vyake vyote.

Ndiyo maana kwangu mimi ni aibu kwamba chanjo ya binadamu ya kwenda kuchoma zahanati bado haipo, karibu miaka mia baada ya Kabete. Inayotia moyo ni ile iliyotengenezwa na timu ya Profesa George Warimwe, Mkenya wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford. Wamechukua vinasaba vya Gn na Gc peke yake, bila kirusi chenyewe, wakavibebesha kwenye kirusi cha mafua ya sokwe kisichoweza kuzaliana. Muundo ni mmoja kwa ng'ombe na kwa mwenye ng'ombe. Kwa mifugo dozi moja imeonyesha kinga, hata kwa kondoo na mbuzi wenye mimba, na kwa watu majaribio yamefanyika Uingereza na Uganda.

Mpaka chanjo hiyo ifike, mtu hupata homa hii zaidi kwa mikono kuliko kwa mbu: kumzalisha ng'ombe aliyetupa mimba, kumchuna mnyama aliyekufa, kugawana nyama ya mzoga kwa sababu kuizika kunauma roho. Wengi wanaopata huugua kama mafua na kupona. Wachache macho yanaingia giza, au wanatokwa damu, na kati ya hao wanaotokwa damu karibu nusu hufa. Glavu za duka la dawa za mifugo ni bei ya soda.

Kabla muda haujaisha, kuna swali ambalo huulizwa kila nikizungumza haya, na najua kuna mzee analiandaa sasa hivi: kama dang'a inampa ndama kinga, je, mimi nikinywa maziwa mabichi ya ng'ombe aliyechanjwa, sitapata kinga bure? Hapana, mzee wangu. Tumbo lako litazimeng'enya zile kingamwili kama linavyomeng'enya maharage. Hata ndama mwenyewe wa siku tatu hapati tena. Utakachoweza kukipata kwenye maziwa mabichi ni vijidudu vyake. Yachemshe mpaka yafoke, na ile dang'a ya alfajiri muachie ndama, mama yake abaki naye nyumbani mpaka mchana, kundi litaongozwa na mwingine.